Baraza Lisilohukumu

Tangu kale wazee wa nchi ya Mara, toka Musoma hadi Bunda na Butiama, wamekata mashauri kwa kuketi pamoja. Liko baraza jingine, changa zaidi. Mwaka wa 1953, huko California, watu waliotawaliwa na madawa ya kulevya walianzisha chama cha Narcotics Anonymous, wakasimuliana maanguko yao. Februari 2011, Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kuwapa wagonjwa wa heroini methadoni, dawa inywewayo kila siku. Methadoni hutuliza mwili. Aibu na upweke hutulizwa na wenzi wasikilizanao. Baraza la wazee huhukumu, hili halihukumu. Basi kijana wa Mara arejeapo nyumbani kutafuta uzima, tutamwitia baraza lipi?