Sura za shaba zilizobaki kwenye karatasi

Uingereza, mzee akifariki na watoto wakaanza kupanga vitu vyake, wakati mwingine huchomoza karatasi ndefu iliyoviringishwa, imelala juu ya kabati tangu miaka ya 1960 au 1970. Wakiikunjua wanakutana na askari mwenye deraya, mrefu kama mtu mzima, mweusi tii, viganja vimekutana kwa sala. Ni nani huyu? Aliyemnakili hayupo tena wa kuulizwa.

Sura hiyo imetoka kaburini. Kuanzia karne ya 13, makabaila, mapadri na wafanyabiashara wa sufi walizikwa ndani ya makanisa, na juu ya jiwe la kaburi kikapachikwa kibamba cha shaba ya manjano chenye sura ya marehemu. Vibamba vililetwa kutoka bara la Ulaya, mafundi wa London wakavichonga. Kunakili ni rahisi: unatandaza karatasi juu ya shaba, unaibana isicheze, halafu unasugua kwa nta ngumu nyeusi, ile ya washona viatu. Palipo bapa panakuwa peusi, mifereji ya patasi inabaki myeupe.

Aliyerithi karatasi hiyo huanza kwa kusoma mavazi. Deraya ya pete za chuma tupu ni ya zamani kuliko ile ya mabati. Ngao hutaja ukoo. Mfano maarufu ni wa John d'Abernon, katika kanisa la Stoke d'Abernon, Surrey. Amevaa pete za chuma kuanzia kichwani hadi miguuni, ameshika mkuki wenye kibendera, na simba aliye chini ya nyayo zake ameng'ata mpini wa mkuki huo. Ngao yake ina rangi ya buluu hadi leo, ila nta haichukui rangi. Kwa muda mrefu aliaminika kuwa wa mwaka 1277. Watafiti wa karne ya 20 walilinganisha kazi za mafundi wakamsogeza hadi miaka ya 1320, kwa hiyo huenda ni mtoto wa yule aliyedhaniwa.

Shaba yenyewe iliteseka. Mfalme Henry VIII alipofunga nyumba za watawa, kati ya 1536 na 1540, vibamba vingi viling'olewa vikauzwa. Vingine viligeuzwa, akachongwa marehemu mwingine mgongoni. Nakala za zamani nazo zina thamani kubwa: kuna makaburi ambayo shaba yake ilipotea baada ya kunakiliwa, na sura iliyobaki duniani ni ile ya karatasi.

Na sisi Wakongo tulikuwa na shaba makaburini karne hizohizo. Huko Sanga, kando ya Ziwa Kisale, Katanga, wachimbuaji wa mambo ya kale walifungua makaburi mwaka 1957 na 1958, wakakuta watu waliozikwa na vyungu, mapambo na misalaba ya shaba nyekundu. Misalaba hiyo haikuwa ya dini ya Kikristo. Ilikuwa mali na heshima, na baadaye midogo ikawa fedha ya kununulia. Mwaka 1960 Katanga ilipojitenga, misalaba mitatu iliwekwa kwenye bendera yake. Watu wa Sanga hawakuchonga sura wala jina, lakini inaonekana nao waliona kwamba shaba inamtambulisha mtu aliyelala.

Ninayaandika haya nikiifikiria komuni ya Mulekera, hapa mjini Beni. Tangu mauaji yaliyoanza huku kwetu Oktoba 2014, familia nyingi za vijiji vya upande wa Mbau, Oicha na Eringeti zimekimbilia mjini, na makaburi ya babu na bibi yamebaki nyuma, porini. Mengi ni ya saruji, jina limeandikwa kwa msumari saruji ingali mbichi, na mvua inalila herufi moja moja. Picha ya simu husaidia, lakini simu huibwa, na herufi zilizofifia hazionekani kwenye picha kama zinavyojitokeza chini ya nta.

Mwenye nafasi ya kufika kaburini salama achukue karatasi nyembamba isiyopasuka upesi, utepe wa gundi na krayoni nyeusi ya watoto. Aondoe majani na mchanga kwa brashi laini, asitumie chuma. Asugue polepole, kuelekea upande mmoja. Akimaliza aandike nyuma ya karatasi, kwa kalamu: jina la marehemu, la mama yake na la baba yake, kijiji, tarehe, na nani amesugua.