Sanaa kwa watoto wadogo: Udongo uwahi ungali maji

UFUNDISHAJI wa sanaa na ubunifu ni sehemu ya elimu inayomzoeza mtoto kutazama kwa makini, kufanya uamuzi kuhusu anachokiona, na kuupa uamuzi huo umbo kwa mikono yake mwenyewe. Huhusisha kuchora, kupaka rangi, kufinyanga, kusuka, kuchapa ruwaza na kuunda vitu vya matumizi.

Lengo lake si kuwageuza watoto wote wawe wachoraji, kama ambavyo somo la hesabu halikusudii kuwafanya wote wahasibu.

Somo lililopanda na kushuka

Nchini Kenya, mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, sanaa, ufundi na muziki vilitahiniwa katika KCPE. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, idadi ya masomo yaliyotahiniwa ilipunguzwa na sanaa ikaachwa nje. Somo lilisalia kwenye ratiba iliyobandikwa ukutani, lakini aghalabu kipindi chake kilitwaliwa na hesabu au Kiingereza.

Mtaala wa umilisi (CBC), ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, uliirejeshea sanaa nafasi yake. Mtihani wa kwanza wa KPSEA, uliofanywa mwaka 2022, ulikuwa na karatasi iliyounganisha sanaa bunifu na masomo ya jamii.

Hata hivyo, lilizuka tatizo jipya: kazi za sanaa zinazopelekwa nyumbani na kukamilishwa na wazazi usiku. Kazi ya namna hiyo huenda ikampa mtoto alama nzuri, ilhali humwachia funzo moja tu, kwamba mikono yake mwenyewe haitoshi.

Jinsi mtoto anavyochora

Mwalimu asiyejua jinsi uchoraji wa watoto unavyokua huweza kukosoa jambo lisilo kosa. Viktor Lowenfeld, mzaliwa wa Austria aliyefundisha Marekani, alizieleza hatua za ukuaji huo katika kitabu alichokichapisha mwaka 1947. Umri anaoutaja ni wa kukadiria tu.

Kati ya miaka miwili na minne, mtoto hukwaruza mistari ovyo. Baadaye mistari hiyo hufunga na kuwa duara, naye huipa jina. Kati ya minne na saba, huchora mtu mwenye kichwa kikubwa ambacho miguu huchipuka moja kwa moja kutoka kwacho.

Kati ya miaka saba na tisa, huweka mstari wa ardhi na kupanga vitu vyote juu yake. Nyumba yake huonyesha watu walio ndani kana kwamba ukuta ni wa kioo, na mama huweza kuwa mrefu kuliko mti kwa kuwa ndiye wa maana zaidi. Hayo si makosa ya kusahihishwa kwa kalamu nyekundu, bali ni fikra za mtoto zilizowekwa wazi.

Hatua ya hatari huanza yapata miaka tisa. Wakati huo mtoto hutaka picha yake ifanane na kitu halisi, na anaposhindwa husema, "Mimi sijui kuchora." Asiposaidiwa hapo kutazama upya vivuli, vipimo na umbali, wengi huiweka kalamu chini wasiichukue tena maishani.

Kunakili au kubuni

Katika shule nyingi, sanaa ni mwalimu kuchora kikombe ubaoni na wanafunzi hamsini kukinakili. Elimo Njau, msanii aliyesomea Makerere na kuanzisha kituo cha Paa ya Paa jijini Nairobi mwaka 1965, alijulikana kwa kuupinga mtindo huo. Msimamo wake ulikuwa kwamba kunakili humlaza Mungu usingizi.

Badala ya kikombe cha ubaoni, mwalimu awape wanafunzi jambo la kutatua. Tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku mwaka 2017, swali la kubebea maembe kutoka sokoni ni la kweli. Watoto wachore mifuko yao, waiunde kwa gunia kuukuu au majani ya migomba, waijaribu kwa mizigo, kisha waboreshe mpini uliokatika.

Leso nayo ni somo kamili la kubuni. Ina pindo pande zote, mji katikati na jina, yaani maandishi. Mwanafunzi wa gredi ya tatu anayebuni leso yake kwenye karatasi hujifunza urudiaji wa ruwaza, ulinganifu wa rangi na uteuzi wa maneno kwa wakati mmoja.

Vifaa vilivyo karibu

Uhaba wa vifaa si sababu ya kuacha somo. Mkaa huchora vizuri. Manjano, majani yaliyopondwa na udongo mwekundu hutoa rangi. Kijiti kilichotafunwa ncha huwa brashi, na uji mzito wa unga wa ngano huwa gundi. Bamia au kiazi kilichokatwa huchapa ruwaza safi.

Usalama uzingatiwe. Makasi yenye ncha kali na waya hayafai chekechea, na mbegu ndogo zisiachwe mikononi mwa watoto wadogo kwani huishia puani au kooni.

Tathmini

Swali la "Hiki ni nini?" humvunja mtoto moyo kwa kuwa humwambia hajaeleweka. Heri kumwambia, "Nieleze kuhusu picha yako." Mwalimu asichore juu ya kazi ya mwanafunzi. Akitaka kuonyesha mbinu, atumie karatasi nyingine.

Alama zitolewe kwa kulinganisha kazi ya mtoto na kazi yake ya awali, si na ya jirani yake. Inatosha kuhifadhi kazi tatu za kila mwanafunzi kwa muhula, tarehe ikiandikwa nyuma ya kila moja. Mzazi anapofika shuleni, azione zikiwa zimepangwa kwa mfuatano. Ataona jinsi mwanawe alivyopiga hatua, na huenda usiku wa kazi nyingine ya nyumbani akaketi kando na kumwacha mtoto aifanye mwenyewe.