Uvuvi wa Taa Kalemie: Kutoka Moto wa Kuni hadi Taa za Sola

Dagaa wa Kalemie, mji wa Kongo kwenye pwani ya magharibi ya Ziwa Tanganyika, huvuliwa usiku, na tangu zamani chambo chao ni mwanga. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 670 hivi na kina cha karibu mita 1,470, lakini hewa ya oksijeni ipo katika tabaka la juu tu, na humo ndimo wanamoishi samaki wa biashara. Dagaa ni wa aina mbili: Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon, ambaye wengi humwita lumbu. Mchana hushuka kuwakwepa samaki wakubwa. Jua likizama hupanda kufuata vijidudu wanavyovila. Wakiona mwanga juu ya maji, hukusanyika chini yake. Ndiyo maana mavuno hutegemea giza, na mwezi unapokuwa mpevu wavuvi hupumzika na kushona nyavu.

Waholoholo na majirani zao wa pwani ya magharibi walivua kwa lusenga, wavu wa umbo la pia uliofungwa kwenye duara la mti lenye mpini mrefu. Kuni kavu au matete yaliwashwa kwenye omo la mtumbwi. Mmoja alipiga kasia taratibu, moto usizimike wala kundi lisitawanyike. Mwenzake aliuzamisha wavu chini ya dagaa na kuunyanyua kwa mkupuo mmoja. Asubuhi samaki walianikwa mchangani, na jua la siku moja au mbili liliwatosha kukauka.

Kwa muda mrefu soko la dagaa hao lilikuwa vijiji vya jirani. Mambo yalibadilika mji ulipokua. Ngome ya Albertville ilianzishwa na Kapteni Alphonse Jacques mwishoni mwa 1891, na baadaye mji wenye jina hilo, ambao leo ndio Kalemie, ukastawi karibu na mahali Mto Lukuga, njia pekee ya maji kutoka ziwani, unapoanza safari yake kuelekea Lualaba. Mwaka 1915 reli kutoka Kabalo ilifika bandarini. Njia ya Kabalo hadi Kamina ilipokamilika mwaka 1956, mji uliunganishwa kwa reli na Katanga ya migodi. Samaki mkavu ni mwepesi na hahitaji barafu, kwa hiyo alifaa sana safari hiyo ndefu.

Utafiti nao ulipanuka. Kati ya 1946 na 1947 msafara wa wanasayansi wa Ubelgiji ulichunguza ziwa zima, ukapima kina chake na kuorodhesha samaki wake. Uvuvi wenyewe pia ulibadilika: katika miaka ya 1950 karabai zilichukua nafasi ya kuni. Mwanga wake ulikuwa mkali, haukuzimwa na upepo mdogo, na ulivuta samaki kutoka chini zaidi. Lusenga haukutosha tena. Mitumbwi miwili iliunganishwa kwa miti, wavu mpana ukashushwa chini yake na kuinuliwa samaki wakishajaa.

Katika muongo huohuo zilikuja meli za chuma, nyingi zikiwa za Wagiriki. Kila meli ilifuatana na boti ndogo za taa. Kundi likishakusanyika, wavu mkubwa ulilizunguka na kufungwa kwa chini. Popote zilipovua kwa nguvu, sangala wakubwa walipungua upesi, wakabaki hasa dagaa na samaki aitwaye mukebuka. Dagaa huzaliana haraka na maisha yao ni mafupi, lakini sangala huchukua miaka kukua, hivyo pengo lao halizibiki upesi.

Vita vya 1996 hadi 2003 viliumiza bandari na reli, na uvuvi ukabaki mikononi mwa wenye mitumbwi. Siku hizi taa za betri na sola zimeipunguzia karabai kazi, na gharama ya mafuta ya taa imeshuka. Wakati huohuo maji ya juu yamepata joto, hivyo hayachanganyiki vizuri na ya chini yenye rutuba, na chakula cha dagaa kimepungua.

Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia zilitia saini mkataba wa kulisimamia ziwa kwa pamoja mwaka 2003. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi upande wake kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaliana. Samaki hawajui mipaka, kwa hiyo mapumziko ya namna hiyo huleta faida kamili pale tu nchi zote nne zinapoyatekeleza kwa wakati mmoja, na familia za wavuvi zikisaidiwa kupata riziki kwa miezi hiyo mitatu.