Uvurugaji wa Kumbukumbu

Uvurugaji wa kumbukumbu ni hali ambamo programu ya kompyuta huandika data nje ya nafasi iliyotengewa, ikabadili au kufuta data ya shughuli nyingine. Wapo wanaopendelea kusema uharibifu wa kumbukumbu, lakini jina hilo lina walakini usio mdogo: kwa fundi wa Mwanjelwa jijini Mbeya, kumbukumbu iliyoharibika ni kifaa kilichokufa, ambacho dawa yake ni kununua kingine, ilhali hapa kifaa ni kizima na kilichovurugika ni yaliyomo. Mkulima wa nyanya wa Ilula, mkoani Iringa, akivuka mpaka na kupanda katika matuta ya jirani, udongo hubaki salama. Kinachopotea ni mazao ya mwenziwe.

Hatari huzidi pale kasoro inapokuwa ndani ya maktaba, yaani mkusanyo wa programu ndogo ambazo programu nyingine huzitumia badala ya kuandikiwa zake, kwa kuwa kosa moja huwa la wote. Glibc, maktaba ya msingi katika seva nyingi za Linux, ilipata kasoro ya namna hiyo katika toleo la 2.2 la Novemba 2000, kwenye sehemu inayotafuta anwani ya kompyuta kutokana na jina lake. Hesabu ya nafasi iliyohitajika ilisahau kielekezi kimoja, yaani anwani ya mahali katika kumbukumbu, hivyo jina refu la tarakimu na nukta tupu liliweza kufurika kwa baiti 4, au 8 katika mashine za biti 64. Hizo zilitosha: watafiti wa kampuni ya usalama ya Qualys, walioitangaza kasoro hiyo Januari 2015 kwa jina la GHOST, walionyesha jinsi seva ya baruapepe ya Exim inavyoweza kutekwa kwa mbali.

Linalosikitisha ni kwamba rekebisho lilikuwapo tangu Mei 2013, ila lilihesabiwa kuwa la hitilafu ya kawaida, si la udhaifu wa kiusalama, na matoleo ya Linux yanayotunzwa kwa miaka mingi, kama Debian 7, yakabaki bila kinga. Kwa hiyo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya anayeandika ripoti ya kasoro kama hiyo hana budi kutumia istilahi zote mbili, kwani uvurugaji hutaja kinachotokea na udhaifu hutaja anachoweza kukifanya adui. Naye msimamizi wa seva asiishie kusasisha maktaba, maana huduma iliyokwisha kuanza huendelea kutumia nakala ya zamani hadi iwashwe upya.