Gando la Kaa na Mapigo ya Moyo

Weka vidole viwili juu ya kifundo cha mkono wako, upande wa kidole gumba, uhesabu mapigo kwa dakika moja. Mtu mzima aliyetulia hupata baina ya 60 na 100. Wakimbiaji hodari huweza kupata pungufu ya hayo, nao ni wazima. Bali moyo wa mgonjwa ukienda polepole mno, damu haifiki ya kutosha kwenye ubongo, naye huzimia.

Mwaka 1785 daktari Mwingereza, William Withering, alitoa kitabu juu ya mmea wa dijitalisi, ambao maua yake hufanana na kastabini ya mshonaji. Kwa miaka kumi alikuwa amewatibu kwa mmea huo watu waliovimba kwa kujaa maji mwilini. Wengi walipata nafuu. Lakini aliona pia kwamba kipimo kikizidi, mgonjwa hutapika, huona vitu kuwa vya kijani au manjano, na mapigo yake huweza kushuka hata 35 kwa dakika. Dawa na sumu zilikaa katika jani moja.

Je, sumu hiyo itaondolewaje? Jibu moja lilitoka mahali pasipotazamiwa. Mwaka 1935 mkemia Mjerumani, Ferdinand Münz, alitengeneza EDTA kwa ajili ya viwanda vya nguo, maana kalsiamu iliyomo katika maji iliharibu kazi ya kutia rangi. EDTA huishika kalsiamu kama kaa ashikavyo windo lake. Na kweli, jina la kisayansi la dawa za namna hii limetokana na neno la Kiyunani lenye maana ya gando.

Sasa, yafaa ujue kwamba moyo hujikaza kwa nguvu ya kalsiamu, na dijitalisi huiongeza ndani ya musuli yake. Basi katika miaka ya 1950 madaktari wa Marekani walijaribu kuipunguza kalsiamu ya damu kwa EDTA. Kwa baadhi ya wagonjwa mapigo yaliyovurugika yalirudi katika utaratibu, lakini nafuu ilikuwa ya muda mfupi, nayo kalsiamu ikishuka mno moyo wenyewe huingia hatarini.

Hatari hiyo si ya kubuni. EDTA ya kuondoa sumu ya risasi huja imekwisha kushika kalsiamu, nayo huiachilia ili ikamate risasi. Ndugu yake huja na gando tupu, akainyang'anya damu kalsiamu yake. Majina yao yanafanana sana. Kati ya 2003 na 2005 watu watatu walikufa Marekani kalsiamu yao iliposhuka baada ya kutiwa EDTA. Wawili walikuwa watoto, na mmoja wa watoto hao alikuwa amepewa ndugu asiyekusudiwa.

Mwaka 1976 madaktari wa Boston walimwokoa mtu aliyemeza dijitalisi nyingi kwa kinga ya damu iliyotengenezwa iishike dijitalisi yenyewe, wala si kalsiamu. Lilikuwa gando jipya, lenye kujua windo lake.

Kwa hiyo, mwanafunzi, usisome jina la dawa nusunusu. Herufi chache ulizoziruka huenda ndizo zilizobeba uhai wa mtu.