Gari Lisilo na Nia

Usiku wa tarehe 18 Machi 2018, mjini Tempe, jimbo la Arizona, Marekani, gari la kampuni ya Uber lililojiendesha kwa kompyuta lilimgonga na kumwua mwanamke aliyekuwa akivuka barabara huku akikokota baiskeli. Wachunguzi wa serikali walieleza mwaka 2019 kwamba mitambo ilikwisha kumwona sekunde 5.6 kabla ya kumfikia. Mara ilimdhania gari, mara kitu kingine, mara baiskeli. Breki za dharura zilizotiwa na kiwanda, kampuni ilikuwa imezizima. Ndani alikuwamo mwangalizi, naye macho yalikuwa kwenye simu.

Basi dhamana ni ya nani?

Suali hili si geni kwa maulamaa. Zamani Majabariya walisema mja hana hiari, ni mfano wa unyoya upeperushwao na upepo. Makadariya wakasema hiari yote ni yake. Imamu al-Ash'ari, aliyefariki mwaka 324 Hijria, akashika njia ya kati: Mungu huumba kitendo, na mja hukichuma.

Mafakihi hawakungoja mjadala huo umalizike, na lau wangengoja, mifugo ingemaliza mashamba! Wao walitenga dhambi na fidia. Mtoto mdogo na mwendawazimu hawaandikiwi dhambi, bali wakiharibu mali ya mtu, hulipwa kutoka katika mali yao. Ngamia wa al-Baraa bin Azib alipoharibu bustani ya watu, Mtume (S.A.W.) alihukumu kwamba wenye bustani wazilinde mchana, na wenye wanyama wawazuie usiku. Na katika madhehebu ya Imamu Shafi, aliyempanda mnyama au kumwongoza hudhamini akiharibucho.

Je, pale Tempe aliyempanda mnyama ni nani? Mwangalizi alikuwa juu yake, kweli. Lakini mfugaji hakumwumba ngamia wake, ilhali gari hili liliundwa na kufunzwa na watu, na waliozima breki ni watu. Kwa maoni yetu, hao ndio walioshika hatamu.

Kampuni ilipatana na jamaa za marehemu nje ya mahakama mwezi huo huo. Machi 2019 mwendesha mashtaka alisema hapana msingi wa kuishtaki kwa jinai. Mwangalizi peke yake ndiye aliyeshtakiwa. Julai 2023 akakiri kosa la kuhatarisha maisha, akahukumiwa miaka 3 chini ya uangalizi, bila kifungo.