UZI: "Waokoaji watalipwa fidia." Sawa, lakini kwa sheria ipi?

Kila uchaguzi ukikaribia, huku kwetu Bofu hakosi mtu jukwaani wa kuahidi fidia kwa wazima moto na waokoaji. Watu makofi. Mimi huuliza: fidia ya sheria gani? Ngojeni tupitie historia kidogo.

Aprili 29, 1994, feri ya Mtongwe, hapa jirani tu, ilipinduka. Watu 272 wakafa. Nilikuwa mdogo, ila nakumbuka wanaume wa mtaani wakirudi kutoka majini wamelowa chapachapa, hawasemi kitu. Hakuna aliyewaajiri kuingia kule. Na sheria ya wakati huo, Sura ya 236, iliyotoka enzi za mkoloni, ilimjua mfanyakazi na mwajiri wake, basi.

2007 ikatungwa WIBA, ikaifuta ile. Tusiseme uongo, hii ina nguvu. Mwajiri lazima akate bima. Mfanyakazi akifa kazini, wanaomtegemea hulipwa mapato yake ya miezi 96. Mzima moto wa shilingi 30,000 kwa mwezi, piga hesabu: 2,880,000. Lakini dai lina miezi 12, na linaanzia kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, si kortini. Watu walibishania hilo miaka mingi, mpaka Mahakama ya Juu ikafunga mjadala Desemba 3, 2019. (Wajane wangapi wanajua hiyo miezi 12? Haya.)

Katikati hapo, Agosti 4, 2010, tulipiga kura ya maoni. Katiba tuliyoipitisha ikakabidhi zimamoto kwa kaunti. Kwa hivyo anayetaka ugavana muulize bima ya wazima moto imelipiwa mpaka lini.

Wale wa Mtongwe je? Hata leo hawamo. Kifungu cha 5 cha WIBA kinasema mfanyakazi ni aliyeajiriwa kwa mshahara, kwa mkataba. Kijana akijitosa majini kumtoa mtu, akizama, mamake hana pa kudai chini ya sheria hii. Marekani walitunga sheria mwaka 1976 ya kulipa familia za polisi na wazima moto wanaokufa kazini, na wazima moto wa kujitolea wamo ndani.

Kubadilisha kifungu cha 5 ni kazi ya Bunge. Kwa hivyo anayetaka ubunge akija kwenu na ahadi ya fidia, muulize kama amekisoma.